Faini ya Tope la Kwemawe

Mpendwa Mjomba Gaspari,

Shikamoo. Ninaiandika salamu hii nikijua kwamba marahaba yake haitarudi, na bado mkono wangu umekataa kuanza kwa namna nyingine. Ulinilea katika sheria hiyo moja: ubishi ruksa, lakini baada ya shikamoo. Basi nimekwisha kukuamkia, na sasa nina haki ya kubisha.

Jumamosi ninaoa. Magdalena yuko kwao Rangwi, shangazi zake wakimpima gauni, na mimi niko hapa Lushoto kwenye kibaraza chako, nikilitazama gari lako jekundu chini ya turubai lile lile ulilokuwa ukifunikia kabichi. Masika yameanza. Kati yangu na kanisa kuna kilima cha Kwemawe, na kilima hicho kinatudai tangu siku tuliyopeleka posa. Wewe ndiye uliyelikubali deni lile kwa mdomo wako, ukicheka, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa baba mkwe wangu. Kisha msimu wa plamu ukafika, nawe ukafa. Umeniachia gari, ahadi na kilima. Hukuniachia mtu wa kubishana naye kuhusu namna ya kukipanda.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu hukupenda kusemwa pembeni. Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuwa kaka wa mama yangu, na kwamba nilipofiwa na baba ningali mdogo, wewe ndiye uliyenifundisha kunyoa ndevu, kufunga tai na kutokukubali hoja kwa sababu tu aliyeitoa ana sauti nene. Ulikuwa dereva wa shirika la umma lililoteremsha mboga zetu hadi Dar es Salaam. Shirika lilipofungwa, katika miaka ile ambayo kila kitu kilifungwa ili kila kitu kifunguliwe, walikupa koti na maneno ya shukrani. Ukakodi lori. Baadaye ukanunua la kwako, na karoti za wakulima wa Lushoto zikaendelea kuteremka mlimani kana kwamba hakuna kilichotokea, ila sasa jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa lako.

Ulipotangaza kwamba umeagiza gari dogo kutoka Japani, mji mzima ulitegemea pikapu. Likaja lile: jekundu, milango miwili, limelala chini kama linalotafuta kitu kilichoangukia uvunguni. Wanawake wa sokoni walishika viuno.

“Gaspari, magari ya wenzako yana miguu, la kwako limekalia makalio?”

“Hili haliogopi upepo, mama,” ukajibu. “Ninyi mnaolima kwenye mteremko mngejua faida ya kulala chini.”

Wakalipa jina la Mjusi, nawe ukalipokea jina hilo kama mtu anayepewa cheo.

Nakumbuka zaidi safari za likizo. Basi liliponishusha Mombo na sanduku langu la vitabu, nilikukuta umeegemea boneti, unakula chungwa, maganda umeyapanga juu ya kitambaa ili yasiiguse rangi. Kutoka pale hadi Lushoto barabara inapanda imejikunja, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili, na sisi tulikuwa na desturi yetu ambayo sijaiona kwa watu wengine. Tulibishana kwa kona. Aliyeanza alisema kutoka kona moja hadi nyingine bila kukatizwa. Kona ikifika, hata kama yuko katikati ya neno, alinyamaza, na mwenzake akashika zamu. Ulikuwa ukipunguza mwendo kwa makusudi kwenye sehemu zilizonyooka ili hoja zako zipate nafasi. Nilikulalamikia. Ulisema mwenye usukani ana haki zake.

Katika safari moja ya namna hiyo, juu kidogo ya Soni, ulinionyesha kitufe. Kilikuwa karibu na goti lako la kulia, chenye picha ya kigari kinachoacha nyuma yake mikia miwili iliyopinda.

“Unakiona hiki? Hii ndiyo Serikali,” ulisema. “Gurudumu likitaka kuteleza, yeye analikamata. Mkia ukitaka kuyumba, anaurudisha. Ukikanyaga mafuta mengi, anakupunguzia bila kukuuliza. Sasa tazama.”

Ukakibonyeza. Taa ndogo ya manjano ikawaka kwenye dashibodi, na gari, sijui niseme vipi, likavuta pumzi. Kwenye kona iliyofuata nilihisi mgongo wake ukisogea pembeni kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, kisha ukarudi. Mikono yako haikushtuka. Mimi nilishika mlango.

“Hiyo ndiyo ruhusa,” ulisema. “Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Walipolizima shirika nilidhani nitaporomoka. Niliteleza kweli, mpwa, sikatai. Lakini nilipanda.”

Kona ikafika, nami nikaishika zamu. Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, na vitabu nilivyokuwa nimevisoma vilinijaa hadi kooni. Nilikwambia kwamba kitufe kile hakikuwekwa na waoga. Kiliwekwa na watu waliokwisha kuhesabu jinsi binadamu anavyojidanganya kuhusu uwezo wake, na dereva anayekizima hajawa huru, amejiongezea tu idadi ya njia za kufa. Nilikwambia kwamba wewe ulipanda kwa sababu ulikwisha kujifunza kuendesha lori la umma, kwa mafuta ya umma, kwenye barabara iliyolimwa na umma, kisha ukasimama juu ukawaambia walio chini kwamba kupanda ni rahisi. Ulinisikiliza hadi kona. Ulipopata zamu yako ulisema neno moja tu:

“Endelea.”

Hukuwahi kunipa zawadi kubwa kuliko ile.

Kisha nikamaliza chuo, nikarudi na shahada yangu, katika zama ambazo shahada haikuwa tena na kiti kinachoisubiri ofisini. Nikapata kufundisha hapa Lushoto. Nikampata Magdalena, aliyesoma shule ya wasichana ya Kifungilo, ambaye siku ya kwanza nilipojaribu kumvutia kwa maneno makubwa aliniuliza kama ninalipwa kwa silabi. Nikaja kwako kukwambia ninataka kuoa. Hukuuliza ni binti wa nani. Uliuliza, “Anabisha?” Nikasema anabisha. Ukaenda kuliosha gari.

Siku ya posa, Mjomba, tulikosea pamoja, na kosa lile lisingeweza kufanywa na watu wa mahali pengine popote. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, barabara ya udongo ya kwenda Rangwi ilikuwa imegeuka uji, na katika uga wa nyumba yako lilisimama lori zima lenye magurudumu marefu kuliko kifua changu. Ukachagua Mjusi.

“Posa haipelekwi na lori la kabichi,” ulisema. “Watadhani tumekuja kununua.”

Nami, msomi mzima, niliyeweza kukupinga juu ya jambo lolote lililoko chini ya jua, sikukupinga. Nilitaka Magdalena alione lile gari likisimama mlangoni kwao.

Kwa desturi upande wa baba ndio unaosema. Kwa hiyo msemaji alikuwa Baba Mkubwa Yohana, aliyekuwa ameyatunga maneno yake tangu mwezi uliotangulia. Wewe ulikuwa dereva tu, na mimi nilikuwa mwoaji, ambaye siku hiyo hatakiwi kufungua kinywa, maana mwoaji anayesema kwenye posa huonekana ana njaa. Tulimkunja Baba Mkubwa kwenye kiti cha nyuma, magoti yake yakafika masikioni.

“Gaspari, hili ni gari au jeneza?”

“Jeneza halina redio, shemeji.”

Ulipokata kona ya tatu baada ya mji, hakujibu tena. Ya tano, aliomba usimame. Ya saba, hakuwahi kuomba. Maneno yote aliyoyatunga yalibaki njiani pamoja na chai yake.

Kisha tukafika Kwemawe. Kilima hakikuwa kirefu, ila kilikuwa kimelainika kama sabuni iliyolowekwa. Mjusi alipanda hadi katikati, na hapo kitufe chako, ambacho siku ile ulikuwa umekiacha kikifanya kazi kwa heshima ya Baba Mkubwa, kikaanza uangalizi wake. Kila gurudumu lilipotaka kuzunguka, kililikamata. Kila ulipokanyaga mafuta, kilikunyang'anya. Taa ya manjano ilipepesa na injini ikafifia taratibu, kwa adabu, kama mzee anayesinzia kanisani.

Nilishuka kusukuma, nikiwa na suti na viatu vyangu vya mahafali. Waliokuwa wakitoka shambani walitua mizigo yao ya karoti wakaja. Kulia kwangu alisimama mzee mwenye mabuti ya mpira na koti lililochanika kwapani, aliyeegemeza bega lake kwenye lile gari kwa moyo wote. Tukahesabu, tukasukuma, gari halikujongea. Ndipo nilipokuona kwa kioo cha nyuma ukiinamisha mkono kuelekea goti lako. Nilipaza sauti nikuzuie. Ulishabonyeza.

Magurudumu yalipopata ruhusa yalizunguka kwa kelele moja, na tope lote la Kwemawe likaruka na kutujia. Mkia wa gari ulikwenda kushoto, ukaja kulia, watu wakatawanyika wakipiga mayowe, na Mjusi akapanda peke yake akipepesuka hadi juu, akasimama huko akitusubiri. Mimi nilikuwa nimechafuka upande mmoja. Mzee wa kulia kwangu alikuwa amechafuka mwili mzima. Palipokuwa na uso pakabaki macho mawili. Akayafuta, akatema tope, akasema kwa utulivu wa kutisha:

“Anayeendesha gari hili alilelewa na nani?”

Hukumsikia. Tulifika Rangwi, tukaketishwa, tukaambiwa baba mwenye nyumba ametoka shambani kwa njia ya mkato na anaoga. Alipotoka, amevaa shati jeupe, nywele zikidondosha maji, nilimtazama sikioni nikaona tope jekundu lililosahauliwa na sabuni. Mzee Filipo. Baba yake Magdalena.

Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani zaidi kusema, kwa maana ningeweza kuomba radhi kwa mpangilio mzuri sana. Lakini mwoaji hasemi. Nilimtazama Baba Mkubwa. Alikuwa ameshikilia tumbo na ukuta. Nilijua kwamba kila ninachokitaka duniani kimo ndani ya nyumba ile, nyuma ya pazia lililokuwa likitikisika kwa kicheko cha mtu fulani, na kwamba sina ulimi wa kukiomba.

Ndipo uliposimama, dereva tu.

“Mzee,” ulisema, “shikamoo.”

“Marahaba. Wewe ndiye mwenye gari?”

“Ndimi niliyekupaka tope.”

“Ulilelewa na nani?”

“Na dada yangu, mama wa kijana huyu. Kwa hiyo lawama ziende kwake, amebaki nyumbani.” Pazia likatikisika zaidi. “Mzee, sikuja na maneno mazuri. Maneno mazuri tulikuwa nayo, yamemwagika njiani. Nitakwambia ninachokijua. Kijana huyu anabisha. Atabisha na mkewe, atabisha nawe, atabisha na padre. Tangu azaliwe hajawahi kunikubalia jambo. Lakini leo gari lilipokwama alishuka na viatu vyake vya sherehe, akaingia kwenye tope, akasukuma. Hakuuliza nani kaliweka pale.”

Mzee Filipo akanigeukia. Alinitazama tangu tai hadi soksi.

“Alikuwa kushoto kwangu,” alisema. “Nilidhani ni utingo.”

Nyumba nzima ililipuka. Hata Baba Mkubwa alicheka, akajuta, akatoka nje mbio. Na kicheko kilipotulia, Mzee Filipo akatoa faini, kwa kuwa posa isiyo na faini haina heshima. Hakutaka mbuzi wala blanketi. Alisema: siku ya harusi mje na gari hili hili, kwa njia hii hii, lipande Kwemawe bila mkono wa mtu kuligusa. Likisukumwa, bibi harusi haondoki.

“Nimekubali,” ulisema, kabla sijavuta pumzi.

Tuliporudi ulianza kunifundisha. Ulinipeleka kwenye uwanja wa kile kiwanda cha mbao kilichofungwa, palipobaki matope, maranda yaliyooza na bango lisilosomeka. Ulihamia kiti cha kushoto, ukanikabidhi usukani, na jambo la kwanza uliloniambia ni “Zima.”

“Kwa nini nizime kitu ambacho watu wenye akili walikesha wakikibuni?”

“Sisemi wamekosea. Ninasema hujawahi kulisikia gari hili. Siku zote umekuwa ukimsikia mkalimani.”

Nikazima. Tukazunguka, tukateleza, tukageuka nyuma mbele. Kila mkia ulipokimbia nilifanya ambalo kila mwoga hufanya: niliondoa mguu ghafla, na gari likanizungusha kama pia. Hukupiga kelele hata mara moja. Ulikuwa ukisema kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale: “Usimtoroke. Mkia ukienda kushoto, nawe mfuate kushoto. Mguu ubaki, ulegee tu. Mwache amalize anachosema.” Nikapata kulisikia. Chini ya kiti, kabla gari halijateleza, kulikuwa na mnong'ono, wepesi wa ghafla, kama ngazi unayodhani ipo na haipo. Nilicheka kwa sauti. Ulinipiga begani. Ninaamini sijawahi kupendwa kwa uwazi zaidi ya wakati ule.

Kisha, nikiwa nimelewa ushindi, nikakutupia hoja niliyoiweka akiba tangu Soni. Nilikuonyesha kiwanda. “Na hawa, Mjomba? Hawa waliozimiwa na hawakupanda? Waliokuwa wakipasua mbao hapa wako wapi?”

Ulitazama lile bango muda mrefu. Hapakuwa na kona ya kukuokoa.

“Hao sina jibu lao,” ulisema. “Nilikuwa nikipakia mbao zao zamani. Ninawajua kwa majina.” Kisha ukaongeza: “Endesha, mpwa.”

Nimeyafikiria maneno yale kuliko vitabu vingi. Mtu anayejua kusema “sina jibu” halafu akaendelea kukaa kando yako, huyo ndiye niliyempoteza.

Plamu zilipoiva, presha ikakuangusha ukiwa sokoni, miongoni mwa wale wanawake waliokutania. Wao ndio waliokubeba. Ulilala siku chache usiweze kusema, na mimi nilikaa kando ya kitanda nikitoa hoja za pande zote mbili, zangu na zako, nikikupa zamu kila nesi alipopita. Nadhani ulisikia. Mara moja uliinua ncha ya kidole kimoja. Harusi tukaiahirisha, tukakuzika Soni, mahali ambapo injini za malori zinasikika zikibadilisha gia.

Sasa watu wote wamekuwa wema kwangu, nami wema wao unanichosha. Mzee Filipo ametuma neno: mdaiwa akifa, faini imekufa naye, tupande gari lolote. Baba Mkubwa amekwisha kutafuta gari refu la kukodi, na ninaelewa furaha yake. Nilimwambia Magdalena kwamba nitakwenda na Mjusi. Akasema:

“Ukikwama, nitateremka kutoka Rangwi kwa miguu nije nisukume mwenyewe, na gauni langu. Halafu tutaona kama baba atakataa mkono wa bibi harusi.”

“Faini inasema bila mkono wa mtu.”

“Basi usikwame.”

Jana nilikwenda Kwemawe kujaribu. Kitufe kikiwa kinafanya kazi, gari lilisinzia pale pale liliposinzia siku ile. Nikashuka kinyumenyume, nikazima, nikapanda tena. Mkia ulikwenda kulia, nami nikashtuka, nikauondoa mguu. Mjusi aligeuka mzima, akasimama akitazama tulikotoka. Nilikaa pale hadi vioo vikaingia ukungu. Nilikuwa nimekisikia kila kitu ulichonifundisha isipokuwa sauti yako, na kumbe sauti yako ilikuwa nusu ya somo. Lakini jambo jingine nililigundua, na hili ni langu, hukunifundisha wewe. Uwanjani ulikuwapo, na ulikuwa mtu mzito, Mjomba, Mungu akurehemu. Sasa gari ni jepesi. Magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na nyuma hakuna kitu.

Nimeiweka kalamu chini. Kesho nina kazi sokoni.

*

Ninaendelea Jumatatu, nikiwa mume wa mtu.

Nilinunua viazi. Gunia moja nililisokomeza ndani ya buti kwa shida, jingine nikalilaza kwenye kiti cha nyuma, pale pale Baba Mkubwa alipoyamwaga maneno yake. Wanawake wa sokoni walinisaidia kupakia, wakicheka hadi wakalia, kisha wakalia kweli. “Gaspari angekuua,” mmoja aliniambia. “Kutia viazi ndani ya Mjusi!” Najua. Uliapa kwamba gari hilo halitakuwa lori. Nisamehe, au usinisamehe, lakini sikiliza kilichotokea.

Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Baba Mkubwa na mama walitangulia na gari refu. Kiti cha kushoto sikumpa mtu. Nilipofika chini ya Kwemawe niliona watu wamejipanga pande zote mbili za njia kama siku ya mbio za mwenge, na katikati ya kilima, mahali pale pale, amesimama Mzee Filipo. Alikuwa na suti nyeusi, ua kwenye kola, na hakuwa na mwavuli. Watu walimwita asogee. Hakusogea.

Nilibonyeza. Taa ya manjano ikawaka. Nikaingiza gia ya pili, nikaanza kupanda.

Palipoanza utelezi niliusikia ule mnong'ono chini ya kiti. Mkia ulikwenda kushoto, nami nikaufuata kushoto. Mguu wangu ulitaka kutoroka; nikauambia ubaki, kwa sauti, kwa maneno yako, kwa lafudhi yako hata. Viazi vilikandamiza magurudumu yakapata kitu cha kuuma. Mkia ulirudi, ukavuka, ukaenda kulia, nikaufuata. Nilimpita Mzee Filipo kwa upana wa mkono mmoja, na tope likamwagikia suti yake tangu kola hadi viatu. Kisha kilima kikaisha, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila mbingu.

Nilisimama. Niligeuka kushoto nikiwa tayari nimefungua kinywa. Nilikuwa na hoja kamili, Mjomba: kwamba kuzima sikatai, lakini anayezima lazima kwanza aweke uzito nyuma, na kwamba hilo ndilo jibu ulilolikosa pale kiwandani. Nilikuwa nimeipanga vizuri. Kiti kilikuwa kitupu.

Mzee Filipo alipanda kwa miguu akanifikia. Hakuja upande wangu. Alizunguka hadi dirisha la kushoto, nikashusha kioo, naye akainama, tope likimdondoka kidevuni, akatazama ndani, kwenye kile kiti.

“Gaspari,” alisema. “Onga makeo.”

Akasubiri, kama ambavyo mtu husubiri salamu ya Kishambaa ijibiwe. Alisubiri kwa adabu, kwa muda wote ambao ungehitaji. Kisha akaligonga paa la gari mara moja kwa kiganja, akatembea kwenda kanisani vile alivyo, na alimkabidhi binti yake akiwa na tope lako kwenye suti. Viazi tulimwachia mama mkwe.

Tulipokuwa tunarudi, Magdalena alikaa kushoto, gauni likiwa limejaa hadi kwenye kioo. Juu ya Kwemawe aliniuliza kitufe ni kipi. Nikamwonyesha. Alinyoosha mkono juu ya goti langu akakibonyeza, ile taa ya manjano ikazimika, nasi tukateremka polepole, tumekamatwa vizuri. Sikubisha. Baada ya kona ya kwanza nilianza kumweleza desturi yetu, na kabla sijamaliza alikuwa amekwisha kuanza zamu yake.

Kwa hiyo gari lina sauti tena, na nina mtu wa kubishana naye maisha yangu yote. Bado si wewe. Kila ninapopita Soni ninapunguza mwendo pale barabara iliponyooka, kwa makusudi, ili niseme kwa utaratibu yale niliyokuwekea. Leo nimesema marefu kuliko kawaida, hukunikatiza hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Kona imefika, Mjomba. Zamu yako.

Ni mimi, mpwa wako mbishi.